Malindi na Siri ya Mimweko ya Gama

Historia ya elimu ya nyota huandikwa kwa majina ya darubini kubwa, ndiyo maana Malindi haitajwi sana. Nashikilia kwamba inastahili kutajwa. Setilaiti za Vela, zilizorushwa na Marekani kuchunga majaribio ya siri ya nyuklia, zilinasa mmweko wa miale ya gama kutoka mbinguni mnamo Julai 1967, na habari zake zikachapishwa 1973. Chanzo kikabaki fumbo kwa zaidi ya miaka 20, kwa kuwa mmweko hudumu sekunde chache tu, na vyombo vya wakati huo havikuweza kuonyesha barabara ulikotokea. Darubini zenye nguvu zilikuwapo. Kilichokosekana ni kujua mapema zielekezwe wapi.

Habari hiyo ya mapema ililetwa na BeppoSAX, setilaiti ya Italia na Uholanzi iliyorushwa 30 Aprili 1996. Njia yake iliambaa na ikweta, ikiinama kwa nyuzi 4 hivi. Kila baada ya saa moja na nusu hivi ilikatiza anga la misitu ya Kongo, upande wa Yahuma na Kisangani, na dakika chache baadaye ikafika pwani ya Kenya, ambako kituo cha Waitalia cha Malindi kilipokea yote iliyoyarekodi na kuyapeleka Roma. (Karibu na hapo, kwenye jukwaa la San Marco baharini, ndiko ilikorushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza mahsusi kwa eksirei, 12 Desemba 1970.) Tarehe 25 Aprili 1998 BeppoSAX ikanasa mmweko. Darubini za Chile zilipoelekezwa huko zikakuta supernova, nyota iliyolipuka katika galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 120, ikitawanya mabaki yake kwa kasi isiyo ya kawaida.

Wapo waliosema ni sadfa, kwani mmweko ule ulikuwa dhaifu mara maelfu kuliko mingine. Hoja yao ilikuwa na uzito. Iliwabidi watu wangoje hadi 29 Machi 2003, setilaiti HETE-2 iliponasa mmweko wenye nguvu za kutosha. Siku kadhaa baadaye, ndani ya mwanga wake uliokuwa ukififia, zikajitokeza alama za supernova ya jamii ileile. Undugu huo una mipaka: supernova nyingi hazitoi mmweko wowote, na mimweko mifupi ina chanzo kingine, nyota za nutroni zinapogongana, kama ilivyoonekana 17 Agosti 2017. Yuko atakayesema pia kwamba Malindi ilikuwa tarishi tu. Ni kweli, lakini fumbo lenyewe lilikuwa la utarishi: barua ilikuwa ikifika maiti amekwisha kuzikwa. Waliounda Swift walilijua hilo. Setilaiti hiyo ya kuwinda mimweko ilirushwa Novemba 2004, ikapangiwa Malindi kuwa kituo chake cha ardhini. Tarehe 18 Februari 2006 ikanasa mmweko mwingine uliofuatwa na supernova.