Kutoka Disketi hadi Flashi: Historia ya Hifadhi ya Faili Inayobebeka

Historia ya vifaa vya kuhifadhia faili za kompyuta ambavyo hubebeka, hufutika na kuandikika upya kwa kawaida husimuliwa kama historia ya ujazo, yaani wingi wa data unaoweza kuingia katika kifaa kimoja. Simulizi hiyo ina ukweli, kwa kuwa kwa jumla vifaa vya baadaye vilibeba data nyingi kuliko vilivyotangulia, lakini haielezi kwa nini vifaa vyenye ujazo mkubwa vilishindwa mara kwa mara na vile vyenye ujazo mdogo, wala kwa nini disketi ya megabaiti 1.44 iliendelea kutumika kwa miaka mingi baada ya kuzidiwa mara 70 na washindani wake. Mwendo wa vifaa hivyo ukifuatiliwa hatua kwa hatua, hudhihirika kwamba kilichoamua hatima yao ni swali moja la kawaida kabisa: je, mashine ya mpokeaji itaweza kukisoma?

Disketi, ambayo ni duara la plastiki laini lililopakwa chembe zinazoshika sumaku na kufungwa ndani ya mfuko wake, ilibuniwa na wahandisi wa kampuni ya IBM huko San Jose, California, kuanzia mwaka 1967, na ilipoanza kusambazwa mwaka 1971 ilikuwa na kipenyo cha inchi 8 na kubeba takriban kilobaiti 80. Katika hatua hiyo ya mwanzo mtumiaji hakuweza kuiandika, kwani kazi yake ilikuwa kuingiza maelekezo ya kuwashia mitambo mikubwa. Mageuzi yalikuja mwaka 1973, IBM ilipotoa mtambo wa 3740 wa kuingizia data, ambao disketi yake iliandikika na kuhifadhi rekodi 1,898 zenye herufi 128 kila moja. Hadi wakati huo kazi hiyo ilitegemea kadi za karatasi zilizotobolewa, ambazo kila moja ilibeba herufi 80, na kwa kuwa tundu likishatobolewa halizibiki, kosa moja liliilazimisha kadi nzima itupwe. Disketi iliruhusu kosa lifutwe na sehemu ileile itumike tena.

Mwaka 1976 kampuni ya Shugart Associates ilitoa disketi ya inchi 5.25 iliyoendana na kompyuta ndogo za mezani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sony ilileta disketi ya inchi 3.5 yenye ganda gumu na kifuniko cha chuma kilichofunguka chenyewe ndani ya draivu, yaani sehemu ya kompyuta inayozungusha na kusoma diski. Apple iliitumia katika Macintosh mwaka 1984, na IBM ilipoiweka katika kompyuta zake za PS/2 mwaka 1987, ujazo wa megabaiti 1.44 ukawa kipimo kilichokubalika duniani kote. Ujazo huo ulitokana na mpangilio maalumu, kwa maana kila upande wa disketi uligawanywa katika njia 80 za mviringo, kila njia ikawa na sekta 18, na kila sekta ikabeba baiti 512, hivyo pande mbili zikatoa jumla ya baiti 1,474,560.

Wabunifu wa disketi walitambua mapema kwamba kinachofutika kwa hiari hufutika pia kwa bahati mbaya, kwa hiyo wakaiwekea kizuizi kilichoonekana kwa macho. Katika disketi ya inchi 5.25, pengo dogo la pembeni lilipofunikwa kwa kipande cha utepe, draivu ilikataa kuandika. Katika ile ya inchi 3.5, kidude cha plastiki kilisogezwa mpaka tundu likabaki wazi, na hapo ndipo faili zilipokuwa salama. Umuhimu wa kizuizi hicho ulionekana zaidi kuanzia mwaka 1986, pale virusi vya Brain, vilivyoandikwa mjini Lahore nchini Pakistan, vilipoanza kuenea kwa kujiandika katika sekta ya kwanza ya disketi, ambayo kompyuta huisoma inapowashwa.

Katika miaka ya 1990 faili zenye picha na sauti zilizidi uwezo wa disketi, na warithi wengi wakajitokeza. Zip ya kampuni ya Iomega, iliyoanza kuuzwa mwaka 1995, ilibeba megabaiti 100, sawa na disketi karibu 70, nayo ilipendwa hasa na wachapaji na wasanifu wa kurasa, lakini ilihitaji draivu yake yenyewe, na mtu aliyepeleka diski ya Zip mahali pasipo na draivu hiyo alikuwa amebeba plastiki tupu. SuperDisk ya megabaiti 120 ilijaribu kutatua tatizo hilo kwa draivu iliyosoma pia disketi za kawaida, ila ilichelewa kuingia sokoni na haikuenea kiasi cha kutosha.

CD ya kuandikika upya, iliyoanza kupatikana mwaka 1997, ilielekea kuwa jibu kamili, kwani ilibeba megabaiti 650 na iliweza kuandikwa takriban mara 1,000. Ndani yake mlikuwa na utando wa mchanganyiko wa metali ambao, ulipopashwa moto mkali kwa miale ya leza na kupoa ghafla, ulipoteza mpangilio wake na kufifia, na ulipopashwa moto wa wastani ukarudia hali yake ya kung'aa, hivyo kufutika. Hata hivyo utando huo uliakisi mwanga kidogo kuliko ule wa CD ya kawaida, na draivu nyingi za zamani zikashindwa kuusoma. Kwa sababu hiyo watu wengi walichagua CD ya kuandikwa mara moja tu, iliyokuwa ya bei nafuu na kusomeka karibu kila mahali, ingawa haikufutika, na uamuzi wao unathibitisha kwamba kusomeka kulithaminiwa kuliko hata uwezo wa kuandika upya.

Flashi ilishinda kwa sababu hiyohiyo. Kumbukumbu iliyomo ndani yake, ambayo hushika data kwa kunasa chaji za umeme katika seli ndogo bila kuhitaji umeme wa kudumu, ilivumbuliwa na Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba ya Japani katika miaka ya 1980. Vifaa vya kwanza vya kuichomeka katika tundu la USB viliingia sokoni mwaka 2000, kimoja kikiwa cha kampuni ya Trek ya Singapuri na kingine cha M-Systems ya Israeli, kilichouzwa na IBM kikiwa na megabaiti 8 tu. Ujazo huo ulikuwa mdogo mno mbele ya CD, lakini tundu la USB lilikuwa tayari katika kompyuta mpya, na mifumo endeshi kama Windows XP ya mwaka 2001 ilikitambua kifaa bila kuhitaji programu ya ziada. Mwaka 2003 Dell ilianza kuondoa draivu ya disketi katika baadhi ya kompyuta zake, na mwaka 2011 Sony ikakomesha mauzo ya disketi nchini Japani.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mwendo wake. Nchini Tanzania serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na zuio hilo lilidumu hadi miaka ya 1990, kwa hiyo ofisi nyingi zilizijua disketi zikiwa tayari katika ukubwa wake wa mwisho. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ilitegemea setilaiti na ilikuwa ghali, na flashi ikawa njia ya kawaida ya kupeleka barua na kazi za masomo katika duka la steshenari ili zichapishwe. Kompyuta moja iliyopokea flashi za wateja wote ikawa pia kituo cha virusi, kwani flashi nyingi hazikurithi kizuizi cha kuandika kilichokuwamo katika disketi, na Windows za wakati huo ziliruhusu programu kujiendesha kifaa kilipochomekwa. Virusi vya Conficker vya mwaka 2008 vilitumia mwanya huo miongoni mwa njia zake, na Microsoft ikauziba katika matoleo ya zamani ya Windows mwaka 2011.

Hata leo swali la mpokeaji halijaisha. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, yaani iliyopangiwa utaratibu huo wa kuorodhesha faili, husomeka karibu katika kila mashine lakini haipokei faili ya gigabaiti 4 au zaidi, ilhali exFAT, iliyotolewa mwaka 2006, huondoa kikomo hicho lakini haitambuliki na baadhi ya vifaa vya zamani. Zaidi ya hayo, seli za flashi huchakaa kwa kufutwa na kuandikwa, na chaji zake huweza kuvuja zikikaa miaka mingi bila kutumika. Hukumu ya historia kuhusu uchaguzi wa hifadhi za aina hii, basi, ni kwamba anayenunua aangalie kwanza mashine itakayokisoma kifaa hicho na ujazo baadaye, na kwamba kifaa kilichobuniwa ili kifutike kitumike kubebea faili, huku nakala nyingine ikiwekwa mahali pengine.