Mambo ya Kuzingatia Unapochagua Huduma ya Malipo kwa Kadi na Simu

Huduma za malipo nchini Tanzania husimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania (BoT) kwa mujibu wa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Kabla ya kusaini mkataba, mfanyabiashara mdogo anapaswa kujiridhisha kuwa mtoa huduma ana leseni ya BoT, kisha azingatie yafuatayo:

1. Ada: Ipimwe kwa faida, si kwa mauzo pekee. Kwa mfano, ada ya asilimia 2 kwenye mauzo ya shilingi 50,000 ni shilingi 1,000. Iwapo faida ni shilingi 5,000, moja ya tano ya faida hiyo imeondoka. Aulize pia gharama za mashine na za kuhamisha fedha.

2. Muda wa kupokea fedha: Anayenunua bidhaa kila alfajiri ataathirika fedha zikichelewa hata kwa siku mbili.

3. Aina ya wateja: Mashine ya kadi humfaa zaidi anayehudumia watalii na wageni. Pale wateja wengi wanapolipa kwa simu, msimbo wa TANQR hupokea malipo kutoka benki na mitandao mbalimbali bila kuhitaji mashine.

4. Usalama: Mteja aingize mwenyewe namba yake ya siri. Muuzaji athibitishe malipo kwenye akaunti yake kabla ya kutoa bidhaa, asitegemee ujumbe anaooneshwa kwenye simu ya mteja.

Aidha, stakabadhi ya mashine ya kadi si mbadala wa risiti ya EFD kwa mfanyabiashara anayewajibika kuitoa kisheria.