Zikri, Uradi na Pumzi ya Polepole katika Nchi ya Wayao

Mbesa ni kijiji cha wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma, upande wa kusini kuelekea mpaka wa Msumbiji. Kipo katika nchi ya Wayao, ambao wengi wao ni Waislamu. Katika nchi hiyo, kutuliza moyo kwa pumzi kulianzia kwenye ibada, miongo mingi kabla wahudumu wa afya hawajaanza kufundisha mbinu hiyo.

Wayao walikuwa watu wa misafara. Tangu karne ya 18 walipeleka pembe za ndovu na watumwa Kilwa, wakarudi na nguo na shanga. Uislamu ulifuata njia hizo, ukaenea sana vijijini baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905–1907. Mchango mkubwa ulikuwa wa masheikh wa tarika, yaani njia za Kisufi. Tarika ya Qadiriya ilipata nguvu kupitia Sheikh Uwais bin Muhammad wa Barawa (1847–1909), aliyefika Unguja katika miaka ya 1880. Huko Bagamoyo iliongozwa na Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtumwa, akawa khalifa, na kufariki 1931. Tarika ya Shadhiliya ilitoka kisiwa cha Ngazija kwa Sheikh Muhammad Maarufu, aliyefariki 1905, ikashika mizizi Kilwa.

Katika zikri ya Qadiriya waumini husimama kwa duara au safu, wakalitaja jina la Mwenyezi Mungu huku wakiinama na kuinuka pamoja. Kadiri mwendo unavyopanda, maneno hufifia, ikabaki pumzi nzito itokayo kifuani, ya watu wote kwa mpigo mmoja. Kiongozi ndiye huipandisha na kuishusha.

Uradi una mwendo mwingine. Baada ya swala mtu huketi na tasbihi ya punje 33 au 99, kila punje na tamko lake fupi, naye huvuta uradi kwa utulivu hadi pumzi yenyewe inarefuka.

Namna hizi za ibada hazikupokewa na wote. Miongoni mwa Wayao, hasa wa Nyasaland (Malawi ya leo), ulizuka mgogoro kuhusu mazishi: wafuasi wa tarika walisindikiza maiti kwa zikri, na wapinzani wao, watu wa sukuti, walitaka jeneza lifuatwe kimyakimya.

Sayansi ilikuja kueleza sehemu ya utulivu unaoletwa na ibada kama uradi. Mtu mzima aliyepumzika huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walionyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini, au kukariri mantra ya yoga, hushusha idadi hiyo hadi karibu 6. Mtu anaposhusha pumzi taratibu, neva ya vagasi hupunguza mapigo ya moyo, na mwili ulioshikwa na wasiwasi hulegea.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa msaada wa kisaikolojia unaoweza kutolewa na watu wasio wataalamu, na pumzi ya polepole ni mbinu yake ya kwanza. Mwongozo huo ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, na matokeo yakachapishwa 2017: dhiki yao ilipungua. Katika mbinu hiyo ya pumzi, mhusika hulegeza mabega, huweka mkono tumboni na kupumua hadi tumbo lipande na kushuka, akihesabu moja hadi tatu kwa kuvuta na tatu kwa kutoa. Wasiwasi unaozidi na kumzuia mtu kulala, kula au kufanya kazi huhitaji pia matibabu.