Kutoka Kengele hadi Hedifoni: Nani Anatakiwa Kusikia Barabarani?

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanachama kadhaa wa chama chetu hununua baiskeli za mtumba, kwa kuwa nauli ya basi na treni katika nchi hii ni mzigo mkubwa kwa mwanafunzi. Na kila mwaka ubishi uleule huzuka: je, ni salama kuendesha baiskeli huku umevaa vipokea sauti vya masikioni, au hedifoni kama wengi wetu tunavyoviita? Wengine wanasema ni kujitafutia kifo. Wengine wanajibu kwamba dereva aliyefunga vioo na kufungua muziki ndani ya gari hasikii zaidi yao, na hakuna anayemsema.

Katika makala haya tunataka kuuchukua ubishi huo kwa njia ya historia. Tukiutazama kwa muda wa miaka 130 na zaidi, tunaona kwamba sheria za sauti barabarani hazikuanza na masikio ya mwendesha baiskeli. Zilianza na kengele yake. Katikati ya kengele na hedifoni kuna mzigo uliohamishwa kutoka bega moja kwenda jingine, na ni vizuri tujue nani aliuhamisha na kwa sababu gani.

Enzi ya kengele

Katika karne ya 19, barabara za miji ya Uingereza zilikuwa na kelele nyingi sana. Magurudumu ya mikokoteni na ya magari ya farasi yalivishwa mikanda ya chuma, nayo yalipopita juu ya mawe yaliyosakafiwa barabarani yalitoa kishindo kikubwa. Wenye uwezo, kama nyumbani kwao kulikuwa na mgonjwa mahututi, walitandaza majani makavu barabarani mbele ya mlango ili kishindo kipungue. Aliyetaka kuvuka barabara hakuhitaji kugeuka nyuma mara kwa mara. Kwato na chuma vilimpa habari mapema.

Baiskeli ikauvunja utaratibu huo. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli ya Rover, ambayo gurudumu lake la nyuma lilizungushwa kwa mnyororo, na ndiyo mama wa baiskeli tunazozijua leo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akapata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Chombo chenye kasi kuliko mtu wa miguu kikaanza kupita karibu bila sauti.

Mwaka huohuo wa 1888 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Serikali za Mitaa. Kifungu chake cha 85 kilitamka kwamba baiskeli ni gari kama magari mengine, kikamtaka mwenye baiskeli awashe taa usiku, na kikaongeza sharti moja ambalo kwetu ndilo la maana zaidi: kabla ya kumpita mtu wa miguu, gari, farasi, nyumbu au mnyama mwingine wa mizigo, mwendesha baiskeli apige kengele au filimbi, au atoe ishara nyingine ya kutosha kusikika.

Tutazame mzigo uliwekwa wapi. Mtu wa miguu hakuambiwa afungue masikio. Aliyeambiwa ajitambulishe ni yule mwenye chombo kipya, chenye kasi na kisicho na sauti. Wanachama wetu wanaotoka Mji Mkongwe wa Zanzibar hawatauona utaratibu huo kuwa mgeni. Kwenye vichochoro vile, baiskeli inayokaribia kona ndiyo inayopiga kengele, na mtu wa miguu husogea ukutani akishaisikia.

Sharti hilo lilidumu hadi Sheria ya Barabara ya mwaka 1930 ilipoliondoa. Kufikia hapo magari ya injini yalikuwa yamekwisha kuingia kwa wingi, na baiskeli haikuwa tena chombo cha kutisha. Leo katika Uingereza duka linatakiwa kuuza baiskeli mpya ikiwa na kengele, lakini mnunuzi akiing'oa siku ya pili havunji sheria. Kengele ilibaki kama adabu tu. Barabara sasa zilikuwa na vyombo vizito vyenye kelele zao wenyewe, na asiye na injini ndiye aliyelazimika kuvisikia na kuvipisha.

Enzi ya kaseti

Tarehe 1 Julai 1979 kampuni ya Sony ilianza kuuza nchini Japani chombo kidogo cha kusikiliza kaseti kiitwacho Walkman. Bei yake ilikuwa yen 33,000. Hedifoni zilikuwapo miaka mingi kabla ya hapo, lakini zilikuwa nzito na zilifungwa kwenye redio ya mezani au mtambo wa studio. Walkman ilizipeleka njiani.

Jambo la kuvutia ni kwamba waliotengeneza chombo hicho walikuwa na wasiwasi nacho. Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa Sony, alihofia kwamba mtu kusikiliza muziki peke yake mbele za watu kungeonekana utovu wa adabu. Kwa hiyo Walkman ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, ili marafiki wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha rangi ya chungwa ambacho ukikibonyeza muziki ulishuka na maikrofoni ikaleta sauti ya aliye karibu nawe. Wanunuzi hawakujali sana. Walitaka kusikiliza peke yao, na mashine zilizofuata ziliacha kitufe hicho.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaweza kuuelewa wasiwasi wa Morita kwa urahisi. Katika lugha yetu kusikia si kazi ya masikio tu, bali pia ni kutii. Mtoto mkaidi tunasema hasikii. Methali zetu nazo ni kali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sikio la kufa halisikii dawa. Aliyeziba masikio mbele ya wenziwe, kwa hiyo, anaonekana kukosa mawili kwa pamoja. Amejiweka hatarini, na amewadharau walio karibu naye. Tunadhani sehemu ya hasira inayoelekezwa kwa mwenye hedifoni barabarani inatokana na hilo la pili, ingawa watu husema ni kwa ajili ya usalama.

Hasira hiyo haikuchelewa kuingia katika sheria. Mwaka 1982 mji wa Woodbridge katika jimbo la New Jersey, Marekani, ulipitisha sheria ndogo iliyokataza kuvaa hedifoni kwa mtu anayeendesha gari, anayeendesha baiskeli, na hata anayevuka barabara kwa miguu. Adhabu ilikuwa faini ya dola 50 au kifungo cha siku 15. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu Walkman izaliwe. Mwaka 1888 aliyepita kimya ndiye aliyeamriwa apige kelele. Mwaka 1982 aliyekuwa hatarini kugongwa ndiye aliyeamriwa asikie.

Nchi hazikukubaliana

Tangu hapo kila nchi imekata shauri lake. Ufaransa ilipiga marufuku hedifoni kwa madereva na waendesha baiskeli kuanzia tarehe 1 Julai 2015, na faini yake ni euro 135. Hispania nayo inakataza. Jimbo la California linaruhusu sikio moja lizibwe, lakini si yote mawili. Uholanzi, nchi ambayo baiskeli ndiyo usafiri wa kila siku wa watoto, wafanyakazi na wazee, haikatazi. Uingereza pia haina sheria inayotaja hedifoni za waendesha baiskeli, ingawa anayeendesha kwa uzembe anaweza kushtakiwa kwa uzembe huo.

Kama hatari ingekuwa wazi kama hatari ya ulevi, tungetarajia nchi hizo zikaribiane. Badala yake, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko zote hizo kwa kulinganisha na idadi ya watu wake imeona jambo hili halihitaji marufuku. Hilo pekee si ushahidi kwamba hedifoni ni salama. Ni ishara kwamba usalama unategemea pia barabara yenyewe: njia ya baiskeli iliyotengwa na magari huacha mambo machache ya kusikilizwa.

Sikio linafanya kazi gani?

Hata hivyo, tusije tukachukua historia hii kama ruhusa. Macho huona mbele na pembeni. Kinachokuja kutoka nyuma hutambuliwa kwanza na masikio, nayo hufanya kazi wawili wawili: sauti ya gari lililo kulia hufika sikio la kulia kabla kidogo ya kufika la kushoto, na kwa tofauti hiyo ndogo ubongo hujua upande. Ndiyo maana anayeacha sikio moja wazi husikia kwamba kuna gari, lakini hupata shida kujua liko wapi.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, wakiongozwa na Dick de Waard, walilijaribu jambo hili kwa waendesha baiskeli wenyewe, na matokeo yao ya mwaka 2011 yanafaa kukumbukwa. Muziki ulipunguza uwezo wa kusikia ishara, na vipokea sauti vinavyoingia ndani ya tundu la sikio vilikuwa vibaya kuliko vingine. Kusikiliza kwa sikio moja kwa kipokea sauti cha kawaida hakukuleta upungufu huo. Kuhusu simu, kuzungumza bila kuishika kulikuwa na nafuu ndogo tu kuliko kuishika mkononi, kwa sababu mazungumzo yenyewe huiteka akili.

Kwa hiyo anayesema hedifoni hazibadilishi kitu hasemi kweli. Lakini pia viziwi huendesha baiskeli, na katika Uingereza huruhusiwa kuendesha gari, kwa kuwa hujifunza kugeuka na kutazama kila wakati. Basi kutosikia peke yake si hukumu ya kifo. Hatari kubwa zaidi ni kwa mtu aliyezoea kutegemea masikio, akayaziba, na asiongeze kazi ya macho.

London, Novemba 2013

Kisa kimoja kinaonyesha kwa nini mjadala huu si mchezo wa maneno. Mwezi wa Novemba 2013 waendesha baiskeli 6 waliuawa London katika muda wa siku 14. Mji ulishtuka. Meya wa wakati huo, Boris Johnson, alisema redioni kwamba anaogopa akiwaona waendesha baiskeli wenye hedifoni, na kwamba hangepinga zikipigwa marufuku. Kwa siku kadhaa mazungumzo yakawa ni ya masikio ya waendesha baiskeli.

Lakini wote 6 walikuwa wamegongwa na magari makubwa, yaani malori na mabasi. Dereva wa lori la zamani hukaa juu sana, na karibu na mlango wake kuna eneo asiloliona. Mwendesha baiskeli aliye ubavuni anaweza kusikia injini waziwazi na bado akabanwa lori likikata kona. Baadaye London ilishughulikia chanzo hicho. Kuanzia Septemba 2015 malori yalitakiwa kuwa na vioo vya ziada na vizuizi vya pembeni, na kuanzia Machi 2021 lori lenye uzito unaozidi tani 12 halikuruhusiwa kuingia bila kibali kinachopima jinsi dereva anavyoona kutoka kwenye kiti chake.

Hapa ndipo tunapoona uzito wa swali letu. Mtu akifa barabarani na swali la kwanza likawa alikuwa amevaa nini masikioni, marehemu anageuzwa mshtakiwa, naye hawezi kujibu. Methali ya sikio la kufa inamfungia faili kabla lori halijakaguliwa.

Mzigo unarudi

Historia ina kawaida ya kuzunguka. Magari ya umeme yanapokwenda polepole karibu hayana sauti, kama baiskeli ya Dunlop ilivyokuwa. Je, watu wa miguu, na hasa wasioona, waliambiwa wajitahidi kusikia? Hapana. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 iliagiza kwamba magari hayo yawekewe chombo cha kutoa sauti yakienda polepole: aina mpya za magari kuanzia Julai 2019, na magari mapya yote kuanzia Julai 2021. Ni kifungu cha 85 kimefufuka kwa mavazi mengine. Mwenye chombo cha kimya na kizito ndiye anayejitambulisha.

Msimamo wetu

Baada ya kuyapima haya, sisi tunaona hivi. Kuziba masikio yote mawili ukiwa katikati ya magari ni kujinyima mlinzi wa mgongo wako, na hakuna wimbo unaostahili bei hiyo. Anayeona hawezi kuacha kabisa, basi afanye sauti iwe ndogo, asitumbukize kitu ndani ya tundu la sikio, avue kabla ya makutano, na atazame nyuma mara mbili pale ambapo zamani alitazama mara moja. Simu isubiri mpaka tufike darasani.

Lakini tusikubali pia hedifoni ziwe jibu la kila kifo. Watu wa mwaka 1888, pamoja na hofu zao, walikuwa na kanuni moja ya haki: mwenye uwezo wa kumdhuru mwenziwe ndiye wa kwanza kuwajibika. Tukiliona jina la mwendesha baiskeli aliyeuawa gazetini, tuulize kwanza juu ya lori, kona na barabara. Masikio yake tuyaulizie mwisho.