Nikiutafuta Ukuta wa Kalenga

Mpwa wangu ndiye aliyenitia aibu. Tulikuwa Mombasa, juu ya kuta za Ngome ya Yesu, jua la saa kumi likigonga mawe ya matumbawe, mwongoza wageni akitueleza jinsi Wareno walivyoijenga kati ya 1593 na 1596. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia: "Mjomba, kumbe sisi wa bara hatukuwahi kuwa na mji wa ukuta?"

Nikamjibu harakaharaka kwamba tulikuwa nao, Iringa, wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Akauliza ukoje. Hapo nikakwama. Mimi ni mtu wa Mbeya. Iringa nimeipita kwa basi mara nisizoweza kuzihesabu. Nikifika Ipogoro huwa nanunua karanga dirishani, nautazama mji ulivyokaa kule juu ya kilima, nalala tena hadi Mikumi. Pwani nimeshalipa kiingilio kuona kuta za Gedi na magofu ya Kilwa, lakini Kalenga ya Mkwawa, iliyo mlangoni kwangu, sikuwahi kukanyaga.

Basi Julai iliyofuata nilifunga begi. Niliamua kwenda kwa hatua, nikisimama pale historia iliposimama, na safari ya namna hiyo haianzii Kalenga. Inaanzia huku kwetu, Utengule ya Usongwe, karibu na Mbalizi. Leo ukitaja Utengule watu wanakumbuka kahawa. Zamani palikuwa makimbilio ya Merere, mtawala wa Wasangu, baada ya Wahehe kumng'oa kwenye bonde lake la Usangu. Mtoto wa Mbeya akisoma habari za Mkwawa shuleni anafundishwa shujaa aliyepigana na Mjerumani, basi. Ukikaa na wazee wa Kisangu utasikia upande wa pili: kabla Mjerumani hajafika, sisi wengine tulikuwa tumeshakimbizwa na hao hao Wahehe. Ndiyo maana Merere alishikana mkono na Wajerumani, na ndiyo maana Kalenga ilipoanguka watu wake walifunga mizigo wakarudi nyumbani Usangu. Simlaumu. Mtu aliyenyang'anywa mashamba hamuulizi anayemrudishia ni wa rangi gani.

Basi liliondoka Mbeya alfajiri, kwa kuchelewa saa nzima huku kondakta akituapia kuwa ni dakika tano. Uyole, Igurusi, Chimala. Kulia milima, kushoto bonde la Usangu limetandazwa hadi macho yanapochoka, mashamba ya mpunga yakifuatana. Makambako palikuwa na baridi ya kuuma masikio. Mafinga wakaingia akina mama na ndizi. Kufika Ipogoro, kwa mara ya kwanza maishani nilishuka.

Jina lenyewe la mji ndilo jiwe la kwanza la ukuta niliokuwa nautafuta. Kwa Kihehe *lilinga* ni ngome, boma lililozungushiwa ukuta. Wageni wakalitamka walivyoweza, likawa Iringa. Ila ngome iliyobeba jina hilo haikuwa hapa mjini. Ilikuwa Kalenga, bondeni, kando ya Mto Ruaha Mdogo, kama kilomita 15 kutoka hapa. Wajerumani walipoivunja na kuamua kujenga kituo chao juu ya kilima mwaka 1896, walihama na jina. Kwa hiyo mkazi wa Iringa anapotaja anwani yake anataja ukuta ambao hauko pale anapoishi.

Sikwenda Kalenga siku hiyo. Nilianza na Lugalo, kwa sababu bila Lugalo Kalenga haieleweki. Unarudi kwenye barabara kuu ya kwenda Morogoro, unasafiri kama kilomita 20 na kitu, na pembeni ya barabara kuna mnara. Magari ya mizigo yanapita yakitimua vumbi, na sikuona hata dereva mmoja aliyepunguza mwendo. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski kilipita kikiwa kimenyooka kwenye mstari mrefu, askari, wapagazi na punda, silaha nyingine zikiwa zimefungwa kwenye mizigo. Wenyeji walimwita Nyundo, na alikuwa amekwisha kuchoma vijiji njia nzima. Wahehe walikuwa wamelala nyasini na mikuki. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja wa Kijerumani alimlenga ndege, akafyatua risasi, na mlio huo ukachukuliwa kuwa ishara kabla ya wakati wake. Haikuchukua muda mrefu. Nyundo aliuawa kwa mkuki, pamoja na Wazungu wengine karibu kumi na askari zaidi ya 200. Wahehe wakaondoka na bunduki zipatazo 300 na mizinga.

Nilikaa chini ya mti nikilitazama bonde lile dogo. Hakuna ukuta. Hakuna hata jabali kubwa la kujificha. Ni nyasi, vichaka, mawe mawe na njia nyembamba. Jina la Lugalo Watanzania wengi wanalijua kwa kambi ya jeshi na hospitali ya Dar es Salaam, na sidhani kama mgonjwa anayepanga foleni pale anajua kuwa jina hilo ni la kichaka cha Uhehe.

Kesho yake, Kalenga. Daladala zinakwenda, lakini nilichukua bajaji ili niweze kusimama ninapotaka. Barabara ni ile ya kuelekea Hifadhi ya Ruaha, kwa hiyo magari ya watalii yanatupita yakiwahi simba na tembo. Kwa upande mmoja inachepuka njia ya Tosamaganga, kwenye misheni kongwe ya Kikatoliki na hospitali. Wazee hulifasiri jina hilo kuwa "tupa mawe", na wanasema linatokana na mizinga ya Wajerumani, kwamba kutoka huko juu yalirushwa mawe ya ajabu yaliyopasuka yalipotua. Sina ugomvi na tafsiri hiyo. Watu walioona kombora kwa mara ya kwanza waliita kitu kwa jina walilokuwa nalo.

Kalenga ni kijiji cha kawaida kabisa: nyumba za matofali ya kuchoma, mahindi yaliyokauka shambani, kuku, watoto wanaotoka shule. "Kamwene," nilimsalimia bibi mmoja aliyeketi akipukuchua mahindi, akacheka kwa jinsi nilivyoitamka, akaitika, "Kamwene, baba." Nikamuuliza ukuta wa Mkwawa uko wapi. Akanyoosha kidole chini, si mbali wala mbele. Chini. "Umeukanyaga."

Hivyo ndivyo ulivyo. Mkwavinyika, ndiye huyo Mkwawa, mwana wa Munyigumba, alijenga ukuta wake kwa mawe na udongo, mrefu kuliko mtu, ukizunguka makazi ya maelfu ya watu, nyumba, mifugo, ghala za baruti na pembe za ndovu. Mawe ya pwani ni matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, na chokaa huvumilia karne. Udongo wa Kalenga umevumilia mvua kadiri ulivyoweza, kisha ukarudi shambani. Mwongoza wageni, kijana mtaratibu, alinionyesha matuta mawili matatu ambayo peke yangu ningedhani ni kingo za shamba. Mtu aliyezoea picha za Gedi ataondoka hapa akinung'unika. Mimi nilikaa saa tatu.

Swali lililonishika ni hili: kwa nini mtu aliyeshinda bila ukuta alitumainia ukuta? Baada ya Lugalo Mkwawa alikuwa na kila sababu ya kujiona salama. Wajerumani walikaa miaka mitatu kabla ya kurudi, na katika muda huo ngome yake ilikuwa tayari inawangoja. Mwishoni mwa Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele alifika na jeshi kubwa na mizinga. Hakuja kwa mstari mrefu wa kupita vichakani kama Nyundo. Hakuwa na haja, kwa sababu safari hii alijua adui yake yuko wapi. Ukuta ulikuwa umemwambia. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba kikosi cha Tom von Prince, yule waliyemwita Bwana Sakarani, kilipanda ukutani, na kilichofuata kilikuwa vita ya nyumba kwa nyumba. Mizinga iliyotekwa Lugalo haikumsaidia Mkwawa. Inasimuliwa kwamba mwenyewe alikataa kuondoka, akataka afie ndani, watu wake wakamtoa kwa nguvu.

Mimi si mwanajeshi, na ni rahisi kuhukumu ukiwa umekaa kivulini na soda mkononi. Lakini nikiyatazama yale matuta niliona kwamba ukuta ulimgeuza Mkwawa kutoka mwindaji kuwa mwindwa. Ushahidi ni miaka iliyofuata. Alipokwisha kupoteza Kalenga, akiwa hana ngome wala ghala, Wajerumani walihangaika naye karibu miaka minne. Walijaribu kila njia. Walimweka ndugu yake Mpangile kuwa mtawala, kisha mwaka 1897, wakimshuku kuwa anamsaidia kaka yake kwa siri, wakamnyonga. Walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa cha Mkwawa. Watu walimpa chakula usiku na asubuhi wakasema hawajamwona.

Jumba la makumbusho la Kalenga ni dogo, chumba ambacho ukikohoa kila mtu anasikia. Kuna mikuki, ngao, bunduki, picha za ukoo. Na ndani ya sanduku la kioo kuna fuvu linalosemwa kuwa la Mkwawa. Nilikuwa nimesoma habari zake, hata hivyo nilipolifikia nilivua kofia bila kuambiwa.

Safari ya fuvu hilo ni ndefu kuliko yangu. Baada ya kifo chake lilipelekwa Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliiagiza Ujerumani mambo mawili katika pumzi moja: iurudishe Msahafu wa Khalifa Othman kwa mfalme wa Hijazi, na ilikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Wakubwa wa dunia walikaa kugawana mipaka na madeni, na katikati yake wakaandika jina la mtu wa Uhehe. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda Bremen mwaka 1953, akachambua mafuvu yaliyokuwa kwenye jumba la makumbusho la huko, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa wa ukoo waliokuwa hai. Tarehe 9 Julai 1954 akalikabidhi hapa hapa Kalenga, mbele ya mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge la Tanzania kwa miaka mingi. Kama ni fuvu lenyewe au la, mabishano hayajaisha. Niliyemuuliza pale Kalenga alinijibu kwa utulivu, "Tumelipokea, tumelilinda, ni letu."

Kituo cha mwisho ni Mlambalasi, mbele zaidi kwenye barabara hiyo hiyo ya Ruaha, kiasi cha kilomita 50 kutoka Iringa. Huko lami ilikwisha, dereva wangu wa bajaji akakataa kwenda, nikapata mtu wa pikipiki. Ni majabali makubwa yaliyoegemeana, na chini yake pango lenye kivuli baridi. Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba hapo wakakuta mifupa na zana za watu wa Zama za Mawe, kwa hiyo Mkwawa hakuwa wa kwanza kujihifadhi chini ya jabali lile wala kuzikwa karibu yake. Tarehe 19 Julai 1898, mgonjwa, amebaki na wasaidizi wachache mno, akisikia kwamba wanaomfuata wamekaribia, alijipiga risasi. Sajenti wa Kijerumani, Merkl, alipofika aliufyatulia mwili risasi nyingine kabla ya kuusogelea. Walikuwa bado wanamwogopa. Kaburi lipo, limejengewa, mwili usio na kichwa. Kichwa kiko Kalenga, na kati ya hivyo viwili kuna safari ya zaidi ya nusu saa ya pikipiki.

Nilirudi mjini jioni. Nilipanda Gangilonga, lile jabali ambalo jina lake ni jiwe linaloongea, ambako wazee walikuwa wakienda kusikiliza. Vijana walikuwa wamekaa juu wakipiga picha za machweo, mmoja amebeba ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye chupa ya maji. Kutoka pale unaona paa za Iringa yote, na boma la Wajerumani ambalo leo ni makumbusho ya mkoa. Nilimpigia simu mpwa wangu. Aliniuliza kama nimeuona ukuta.

Nikamwambia avae viatu vizuri, tutakwenda wote Julai ijayo. Nawe msomaji, ukishuka Ipogoro usinunue karanga ukalala. Nenda kiangazi, mahindi yakiwa yamevunwa, maana mvua zikianza shamba linafunika kila kitu. Lipa kiingilio, kwa kuwa chumba kile kinahitaji paa zuri zaidi. Na usimwachie mwongoza wageni akuonyeshe fuvu tu akakuaga: mwombe akutembeze mashambani, akuonyeshe matuta.