Kadi ya Krismasi na Mikono Iliyoitengeneza

Visanduku vya vifaa vya kutengenezea kadi za Krismasi havipishani sana, viuzwe London au Nairobi. Ndani mna kadi nyeupe zilizokwisha kukunjwa, bahasha zake, karatasi zenye maua na nyota, picha ndogo zilizokatwa tayari, utepe, na vipande vya sponji vyenye gundi pande mbili, vya kuinulia picha ili isilale bapa. Wengi hudhani huu ni ubunifu wa juzi, burudani ya watu waliochoshwa na kadi za kiwandani. Lakini mwanamke wa Uingereza wa miaka ya 1880 angekitambua kisanduku hicho mara moja. Hata mahali pa sponji alikuwa na chake: vijikaratasi vilivyokunjwakunjwa vikawa springi, vikabandikwa nyuma ya picha.

Historia ya kadi hizi husimuliwa kana kwamba ni habari ya mitambo ya uchapaji peke yake, na hapo ndipo mikono ya watu inaposahaulika.

Tuanze na kadi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa. Desemba 1843, Henry Cole, mtumishi wa serikali jijini London ambaye baadaye aliongoza jumba la makumbusho linaloitwa leo Victoria and Albert, alikuwa na barua nyingi za salamu za kujibu kuliko muda aliokuwa nao. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopigania posta ya peni moja, iliyoanza 1840. Kabla ya hapo gharama ilitegemea umbali na idadi ya karatasi, na mara nyingi mlipaji alikuwa mpokeaji. Posta ilipokuwa rahisi, kila mtu akaandika.

Cole akamwomba rafiki yake mchoraji, John Callcott Horsley, amtengenezee kadi. Horsley alichora familia mezani imeinua glasi za mvinyo, na pembeni maskini wakilishwa na kuvishwa. Mtoto mdogo naye alionekana akinyweshwa mvinyo, jambo lililowaudhi sana wapinga ulevi. Nakala kama 1,000 zilichapwa kwa litografia, yaani uchapaji wa kutumia jiwe lililochorwa, lakini mtambo ulitoa mistari mitupu. Rangi zilipakwa kwa brashi, kadi moja baada ya nyingine, na fundi aliyeitwa Mason. Bei ilikuwa shilingi moja. Kwa kuwa shilingi ya wakati huo ilikuwa peni 12, pesa hiyo ingetosha kutuma barua 12. Hii haikuwa kadi ya mtu wa kawaida. Mwaka 2001, nakala ambayo Cole alimpelekea bibi yake iliuzwa mnadani mjini Devizes, Uingereza, kwa zaidi ya pauni 20,000. Jina la Horsley hutajwa kila Desemba. La Mason hutajwa kwa nadra, nami naona hilo si haki.

Kilicholeta rangi kwa watu wengi ni kromolitografia, ufundi ambao wachapaji wa Ujerumani waliumudu vizuri mno. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake, na karatasi ilipita juu ya kila jiwe kwa zamu. Malaika mmoja mwenye mashavu mekundu aliweza kuhitaji mawe zaidi ya 10. Kisha karatasi iligandamizwa ili picha ivimbe kidogo na kukatwa kwa kalibu ya chuma, vipicha vikabaki vimeshikana kwa vijikanda vyembamba. Viliuzwa hivyo madukani, karatasi nzimanzima za malaika, waridi, ndege na wazee wenye ndevu nyeupe. Wanawake na watoto walivitenganisha, wakavibandika kwenye albamu na kadi, pamoja na karatasi iliyotobolewa na kukatwa ikafanana na lesi. Hicho ndicho kisanduku cha leo, tofauti yake ni kwamba kila kitu kilinunuliwa peke yake.

Marekani, ufundi huohuo wa kukata na kubandika ulishatajirisha watu. Esther Howland, msichana wa Worcester, Massachusetts, alimaliza masomo mwaka 1847, kisha akaona kadi ya Valentino kutoka Uingereza na kuamini anaweza kutengeneza nzuri zaidi. Inasimuliwa kwamba kaka yake alibeba sampuli katika safari zake za biashara, dada akitumaini kupata oda za dola 200, naye akarudi na oda za dola 5,000. Howland aliwaita rafiki zake nyumbani, akawagawia kazi mezani: mmoja anakata, mwingine anabandika lesi, mwingine maua. Zilikuwa kadi za Februari, ila mbinu zilikuwa zilezile za Desemba.

Baadaye makampuni makubwa kama Raphael Tuck la London na Louis Prang la Boston yalijaza soko. Hata hivyo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Uingereza waliokuwa Ufaransa walizigombea kadi za hariri zilizotariziwa na wanawake wa Ufaransa na Ubelgiji. Kitambaa kilitariziwa, kikakatwa, kikabandikwa kwenye kadi iliyochapwa.

Kwetu Afrika Mashariki kadi zilikuja na wamisionari na posta, zikiwa na theluji ambayo wengi wetu hatujaigusa. Watoto waliitengeneza theluji hiyo kwa pamba, wakaibandika kwenye karatasi ya manila kwa gundi ya unga wa ngano. Ujumbe wa simu ulipoingia, meza za wauza kadi zikapungua, na nasikitika kuona Desemba nyingi zikipita bila bahasha hata moja mlangoni.

Kadi za mkono hazikufa. Huko Kwale, pwani ya Kenya, kinyesi cha tembo wa hifadhi ya Mwaluganje kimetumika kutengenezea karatasi. Na kuanzia Kenya hadi Rwanda mafundi hutengeneza kadi kwa maganda makavu ya migomba, bila kuyatia rangi, kwa kuwa mgomba wenyewe hutoa kahawia iliyopauka, nyekundu ya udongo na nyeusi. Fundi huyalowesha kidogo yalainike, huyanyoosha, huyakata kwa mkasi au wembe: Yosefu na punda, Mariamu amefunga kitenge, mtoto mgongoni. Kipande cheusi kwa uso, cha rangi ya mchanga kwa nguo, na chini yake majani yaliyokatwa membamba kuwa nyasi, mahali ambapo Mzungu angeweka theluji. Nyingi ya kadi hizo hununuliwa na watalii na makanisa ya Ulaya na Marekani. Zingestahili pia kusomwa Morogoro na Kisumu.