Malale katika Ufuko wa Tanganyika: Nani Hakuelewa?

Tulipokuwa shule ya msingi, mtoto aliyesinzia darasani tulimwita "Malale". Lilikuwa jina la utani tu. Baadaye, nilipoanza kusoma habari za utawala wa Wajerumani katika mji wetu, niliona kuwa neno hilo liliwahi kuwa kitisho kwa watu wa ufuko huu huu, kuanzia bonde la Rusizi hadi Rumonge na Nyanza-Lac.

Ugonjwa wa malale uliingia kwetu kutoka upande wa Kongo mwanzoni mwa karne ya 20, kwa njia za wachuuzi, wapagazi na askari waliovuka ziwa. Wajerumani, waliokuwa na kituo chao Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, walifungua kambi za wagonjwa, wakafyeka vichaka vya kando ya maji na kuwahamisha watu ufukoni. Wagonjwa wengi walitoroka kambini. Hata katika mijadala yetu maelezo ya kutoroka huko ni yale yale: wenyeji walikuwa washirikina, hawakuujua ugonjwa, waliogopa sindano. Mimi siyakubali, angalau si yote.

Tuwaangalie kwanza wenye elimu. Patrick Manson, bingwa wa magonjwa ya nchi za joto huko London, alidhani malale husababishwa na minyoo midogo ya damu. Mwaka 1902 tume ya wataalamu ilitumwa Uganda kuchunguza dhana hiyo, nayo haikusimama. Aldo Castellani, mmoja wa tume hiyo, akashuku bakteria, kisha akaona vimelea hasa katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka 1903 David Bruce akaonyesha kuwa mwenezaji ni mbung'o. Hata baada ya hapo, Robert Koch alipoona kwamba mbung'o wa ziwani hunyonya damu ya mamba, alipendekeza mamba waangamizwe. Hao wote hatuwaiti washirikina. Tunasema walikuwa wakifanya utafiti.

Koch huyo ndiye aliyeijaribu dawa ya atoksili kwa wingi, katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, mwaka 1906 na 1907. Atoksili ilitengenezwa kwa arseniki, ambayo ni sumu. Ikidungwa, vimelea hutoweka katika damu, tezi za shingo hunywea, mgonjwa hupata nguvu. Lakini dawa haifiki kwenye ubongo, na huko ndiko malale inakoulia. Baada ya muda vimelea hurudi. Koch alipoongeza kipimo, wagonjwa 22 walipofuka. Dawa hiyo hiyo ndiyo iliyoletwa katika kambi za Tanganyika.

Sasa tujiweke mahali pa mvuvi wa Imbo. Malale huanza taratibu: homa zinazokuja na kwenda, kichwa kuuma, tezi kuvimba nyuma ya shingo. Usingizi wenyewe huweza kuchelewa miezi, hata miaka. Basi anapapaswa shingo, anaambiwa ni mgonjwa wa kufa, naye bado anavuta wavu. Anatenganishwa na shamba na watoto. Anadungwa, anapata nafuu, anaona hana sababu ya kubaki. Au anamwona mwenzake aliyedungwa akizidi kuzorota. Kwa vyovyote, alilolijua alilijua kwa macho yake, na kuhusu sindano hakukosea sana.

Hata hivyo, simtetei kwa kila jambo. Kumhusisha mbung'o aliyekuuma mwaka jana na usingizi wa mwaka huu si jambo jepesi, hasa kwa mtu anayeumwa na mbung'o kila siku ya kazi. Aliyetoroka alirudi ufukoni, penye kivuli na mbung'o, akiwa na vimelea damuni. Mbung'o waliomuuma yeye waliwauma na wanawe. Daktari aliyemtaka abaki kambini aliliona hilo, na hapo daktari alikuwa na haki. Lakini alimtaka abaki kwa ajili ya dawa isiyomponya, tena sijaona mahali ambapo mvuvi huyo alielezwa waziwazi kwamba kukaa kwake kambini kungewafaa watoto wake kuliko yeye mwenyewe. Aliambiwa atapona.